Gia ya Tano

Kuna vitu ambavyo mtu hununua kwa macho, na kuna vingine ambavyo macho hayafai kitu mpaka yasaidiwe na mkono, sikio na pua. Giaboksi iliyokwisha kutumika ni katika hivyo vya pili. Msomaji, yamkini hujapata kununua kitu kama hicho. Walakini nifuate, kwa kuwa mna hesabu kidogo ndani yake, na mtu aijuaye hesabu hiyo hachukuliwi na maneno ya mwuzaji.

Niliishi miaka kadhaa katika jimbo la Indiana, Marekani. Ni katika jimbo hilo, mjini Columbus, ambako kampuni ya Cummins ilianzishwa mwaka wa 1919. Tangu magari ya mwaka wa 1989, pikapu za Dodge ziliweza kupatikana na injini yake ya dizeli, lita 5.9, silinda sita. Nguvu za farasi zilikuwa 160 tu, lakini nguvu ya kuzungusha, ile inayoung'oa mzigo pale ulipolala, ilikuwa nyutoni-mita 540 hivi, tena injini ikizunguka chini ya mara 2,000 kwa dakika.

Mkenya mwenzangu mmoja, aliyenizidi umri nami nikimwita Kaka, alinunua pikapu ya namna hiyo ya mwaka wa 1995. Aliipata kwa bei ndogo kwa sababu giaboksi yake ilikuwa imekwisha kuuzwa. Alikusudia kuvutia trela la nyasi kavu za ng'ombe, na chakula cha wanawe kilitazamiwa kutoka katika trela hilo. Fedha alizokuwa nazo zilitosha giaboksi moja. Ya pili isingalipatikana.

Sasa hesabu. Giaboksi ya pikapu hizo tangu mwaka wa 1994 iliitwa NV4500, nayo ina gia tano za mbele. Katika ya kwanza injini huzunguka mara 5.61 ili shafti iendayo nyuma izunguke mara moja; ndiyo maana gari huondoka na mzigo kama ndovu. Katika ya nne, injini mara moja, shafti mara moja. Ya tano ndiyo iitwayo ovadraivu: injini ikizunguka kama mara tatu, shafti huzunguka mara nne. Gari hukimbia, injini hupumzika, kelele hupungua. Nani asiyeipenda?

Lakini tazama kinachotendeka ndani. Katika gia ya nne nguvu hupita katika mhimili mmoja, moja kwa moja. Katika ya tano hushuka kwenye shafti ya chini, kisha hupanda tena kwa jozi ya gia zilizowekwa nyuma kabisa, mkiani. Gia ya juu hushikwa na nati kubwa. Na mafundi wanajua sana kwamba injini yenye nguvu, ikivutishwa mzigo mzito kwa gia ya tano na mizunguko michache, huweza kuilegeza nati hiyo kidogo kidogo, hata gia ikasogea nyuma na dereva akabaki na nne. Kwa hiyo swali kubwa si, "Imekwenda maili ngapi?" Ni, "Ilivuta nini, na kwa gia gani?"

Tulizunguka katika viwanja vya magari mabovu siku mbili. Giaboksi ya kwanza ilipakwa rangi ikametameta. "Ndugu yangu, hii ni rahisi, tuichukue," akasema Kaka. Nikamwomba angoje. Nilipofungua nati ya chini, oili ilitoka nyeusi, inanuka kuungua, ikaniachia kidoleni vumbi la njano linalong'aa. Hiyo ni shaba ya zile pete zinazosawazisha mwendo wa gia. Unga laini kidogo si ajabu. Huo ulikuwa mwingi. Kaka hakupendezwa, wala hakusema nami njia nzima.

Ya pili ilitoka katika gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Mkia wake huundwa kushika sanduku jingine la kugawa nguvu, na gari la Kaka lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Hatukukawia hapo.

Ya tatu ilikuwa na matope, tena ghali kuliko zote. Mwenyewe alisema ilitoka katika gari la mzee aliyebeba vyombo vya bustani. Maneno hayo yangeweza kuwa kweli au uongo, lakini alikubali tufungue mkia, na hilo lilinipendeza kuliko hadithi. Nati ilikaa imara. Niliizungusha shafti kwa mkono katika kila gia, nikatega sikio. Nikaitikisa ya mbele, haikucheza. Meno yalikuwa laini, oili safi. Kaka alihesabu fedha zake mara mbili, akalipa. Ilikuwa na uzito wa kilo 90 hivi, tukaipakia watu wanne.

Wiki ya pili nilipanda naye. Trela likiwa limejaa alikwenda kwa gia ya nne, magari mengine yakitupita. Tuliporudi na trela tupu, nilisikia injini ikishusha sauti, nikatazama mkono wake: ametia ya tano.