Dola 18 za Marekani na Semina ya Siku Tatu: Gharama ya Elimu Endelevu ya Wafanyabiashara wa Dhamana

Mfanyabiashara wa dhamana aliyesajiliwa nchini Marekani, yaani mtu anayenunua na kuuza hisa, hatifungani na dhamana nyingine kwa niaba ya kampuni yake au ya wateja wake, haachiwi kuishi kwa mtihani mmoja aliofaulu zamani. Kila mwaka, kabla ya tarehe 31 Desemba kupita, hulazimika kumaliza masomo yaitwayo kipengele cha udhibiti, ambayo hutayarishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Sekta ya Fedha, ijulikanayo kwa kifupi FINRA, na kwa masomo hayo ada iliyoanza Januari 2023 ni dola 18. Kiasi hicho, ambacho kwa viwango vya kubadilishia fedha vya miaka ya karibuni ni kati ya shilingi 40,000 na 50,000 za Tanzania, ni kidogo mno katika mazingira ya Wall Street, kiasi kwamba mhusika anaweza kufanya kazi miaka mingi pasipo kujua kuwa kipo. Hata hivyo, udogo wake si jambo la kustaajabisha zaidi. La kuzingatiwa ni jinsi kilivyofikiwa, kwa sababu hapo ndipo utaratibu wa Marekani unapoachana kabisa na ule wa Afrika Mashariki.

Elimu endelevu, yaani masomo ambayo mtaalamu huendelea kuyapata baada ya kufuzu, ilianza kuwa sharti katika sekta ya dhamana ya Marekani mwaka 1995. Kwa muda mrefu aliyesajiliwa alitakiwa kuhudhuria kipindi kimoja alipotimiza miaka miwili tangu kusajiliwa, kisha kimoja kila baada ya miaka mitatu, akipewa siku 120 za kukikamilisha. Na kipindi hicho hakikuwa cha kusomea nyumbani, bali alipaswa kwenda katika kituo cha mitihani, kuonyesha kitambulisho, kuacha vitu vyake nje, na kuketi mbele ya kompyuta chini ya macho ya msimamizi. Chumba, kompyuta na msimamizi vyote vina gharama, na kipindi cha kawaida kilifika dola 100. Wale waliofanya biashara kwa mtaji wa kampuni zao wenyewe bila kuwa na wateja wa nje, ambao mwaka 2011 walianza kuwekewa mtihani wao mahususi, walikuwa na kipindi chao cha pembeni kilichotozwa dola 60.

Mwaka 2015 FINRA ilianza kuyahamishia masomo hayo kwenye intaneti, ili mtu aweze kuyafanya ofisini au nyumbani kwa saa inayomfaa, na kwa kuwa kituo cha mitihani hakikuhitajika tena, ada ilishushwa kutoka dola 100 hadi 55. Januari 2016 usajili wa awali wa wafanyabiashara wa mtaji wa kampuni uliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na usajili wa mfanyabiashara wa dhamana, unaopatikana kwa kufaulu mtihani uitwao Series 57, na hao wakaunganishwa na kipindi cha jumla, hivyo wakatoka kwenye dola 60 na kuingia kwenye 55. Kuanzia Januari 2023 mzunguko wa miaka mitatu nao ukaachwa, masomo yakawa ya kila mwaka na ada ikawa dola 18. Atakayezidisha 18 kwa 3 atapata 54, pungufu ya dola moja tu kwa ada ya zamani: mamlaka iliichukua ada iliyokuwapo, ikaigawanya kwa tatu na kuziacha senti zilizobaki.

Hesabu hiyo nyepesi haikutokana na huruma ya mdhibiti. Sheria ya Masoko ya Dhamana ya mwaka 1934 inaitaka taasisi kama FINRA, ambayo si idara ya serikali bali ni chombo cha sekta kinachojisimamia chini ya uangalizi wa Tume ya Dhamana na Masoko, iwe na ada zenye kiasi cha haki na zilizogawanywa kwa usawa miongoni mwa wanaozilipa. Inaitaka pia kuwasilisha kwa tume hiyo kila badiliko la ada, pamoja na maelezo ya sababu zake, ambayo hutangazwa ili yeyote anayetaka aweze kutoa maoni. Badiliko la ada linaweza kuanza kutumika mara tu linapowasilishwa, lakini tume ina siku 60 za kulisimamisha ikiona kuna kasoro. Nyaraka hizo hazina utamu wowote na wasomaji wake wengi ni mawakili wanaolipwa kuzisoma. Pamoja na hayo, kule kujua tu kwamba maelezo yatawekwa hadharani humlazimisha mwandishi wake kueleza dola inatoka wapi na inakwenda wapi, na gharama inapoondoka, kama ilivyoondoka ile ya kituo cha mitihani, inakuwa vigumu kuieleza ada iliyobaki palepale.

Ada yenyewe haipiti mikononi mwa mfanyabiashara. Kila kampuni mwanachama huweka fedha katika akaunti yake kwenye mfumo mkuu wa usajili, na kutoka humo hukatwa ada za masomo, za mitihani na za usajili wa majimbo, ambazo kila jimbo hujipangia. Ikiwa kampuni itamrudishia mfanyakazi mzigo huo, hayo ni makubaliano yao wawili. Adhabu ya kutosoma, kwa upande mwingine, humwangukia mhusika moja kwa moja: anayevuka tarehe ya mwisho bila kumaliza hutangazwa kuwa usajili wake umelala, na tangu hapo haruhusiwi kufanya kazi inayohitaji usajili wala kupokea malipo kwa kazi ya namna hiyo, na hali hiyo ikidumu miaka miwili usajili hufutwa na mtu huyo hurudi kwenye mtihani. Mbele ya adhabu hiyo dola 18 hazina uzito wowote, na ni vigumu kumfikiria mfanyabiashara aliyeacha kusoma kwa sababu ya ada.

Gharama kubwa zaidi imejificha kwingine, katika sehemu ya pili ya elimu endelevu iitwayo kipengele cha kampuni, ambayo haina ada yoyote iliyopangwa na mdhibiti. Kwa sehemu hii kila kampuni hulazimika, walau mara moja kwa mwaka, kupima mahitaji ya mafunzo ya watu wake, kuandika mpango, kuutekeleza na kutunza kumbukumbu za utekelezaji huo. Na tangu mwaka 2023 sharti hili limepanuliwa liwahusu wote waliosajiliwa, wakiwemo wasiokutana na mteja hata mara moja. Saa ambazo mfanyabiashara hutolewa mezani pake wakati soko liko wazi, pamoja na mishahara ya maofisa wanaosimamia mpango huo, hazionekani katika jedwali lolote la ada. Anayeisifu Marekani kwa dola 18 peke yake anasifu sehemu ndogo ya gharama, tena ile iliyo rahisi kuihesabu.

Nyumbani njia ni nyingine. Tanzania ilipata sheria yake ya masoko ya mitaji na dhamana mwaka 1994, na chini yake ikaundwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998. Mamlaka hiyo huendesha kozi ya kuwathibitisha watendaji wa sekta kwa kushirikiana na taasisi ya kitaaluma ya London iitwayo Chartered Institute for Securities and Investment, na ni kupitia mlango huo ambapo madalali wengi wa hisa na wawakilishi wao huingia kazini. Nchini Kenya, ambako soko la Nairobi lina historia inayorudi nyuma hadi mwaka 1954, bodi ya mitihani ya kasneb hutahini wachambuzi wa uwekezaji na fedha, na sheria ya mwaka 2015 iliwaundia wataalamu hao taasisi yao. Kwa hiyo, mara nyingi elimu ya baada ya kufuzu husimamiwa na chama cha taaluma badala ya soko lenyewe, na mfano unaofuatwa ni ule wa wahasibu, ambao nchini Kenya hutakiwa na taasisi yao kujikusanyia vipimo 40 vya mafunzo kila mwaka.

Vipimo hukusanywa zaidi kwenye semina, na semina haina bei moja. Tangazo la semina ya siku tatu Mombasa au Arusha kwa kawaida hutaja ada ya ushiriki kwa herufi nene, kisha chini yake huongeza kuwa ada hiyo ni pamoja na chai, chakula cha mchana, mkoba na cheti, ila si malazi wala nauli. Dalali wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kuhudhuria hujumlisha mwenyewe tiketi, siku tatu za hoteli na posho, na jumla hiyo huweza kuizidi ada iliyotangazwa. Posho nayo ina la kusemwa, ingawa huzungumzwa zaidi wakati wa chai kuliko ukumbini: mhudhuriaji anayelipiwa na mwajiri hana sababu ya kutaka semina iwe rahisi au fupi, mwandaaji hana pia, na mwajiri mkubwa huona heshima kuwapeleka watu wake, hivyo anayebaki kuumia ni kampuni ndogo ya udalali yenye watu watano, ambayo ikimpeleka mmoja semina hubaki na pengo ofisini.

Mtindo huu wa semina unashangaza zaidi kwa kuwa biashara yenyewe ya hisa ilikwisha kuhama ukumbini. Mwaka 2006 soko la Nairobi lilianza kutumia mfumo wa kompyuta, na mwishoni mwa mwaka uliofuata mtandao wake ukawafikia madalali maofisini mwao, hata wakaacha kulazimika kufika sakafuni ili kuuza na kununua. Mtu anayeaminiwa kuuza hisa za mamilioni akiwa ofisini kwake anaweza pia kuaminiwa kusoma kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha akiwa hapo hapo. Semina za mtandaoni zimeongezeka tangu janga la korona la mwaka 2020, na ni kweli zina bei nafuu, lakini bado huendeshwa kama semina, kwa ratiba ya mwandaaji, badala ya kuwa masomo yaliyo tayari kwa yeyote anayetakiwa kuyamaliza kabla ya tarehe fulani.

Jambo jingine linalosahaulika katika mjadala huu ni kwamba mwajiri wa Afrika Mashariki hulipia mafunzo hata kabla ya kumpeleka mtu popote. Kenya humtoza mwajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa ajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na mwajiri aliyelipa anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Tanzania hutoza tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo Julai 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya malipo yote ya wafanyakazi kwa waajiri wenye watu 10 au zaidi. Fedha hizo huenda kwenye vyuo vya ufundi na mikopo ya elimu ya juu, wala mwajiri hana njia ya kuzidai kwa ajili ya kumsomesha dalali wake. Tofauti hiyo kati ya majirani wawili ina uzito zaidi kwa kampuni ya hisa kuliko tofauti kati ya Dar es Salaam na New York, kwa kuwa tozo ya asilimia kadhaa ya mishahara ya mwaka mzima huweza kuwa fedha nyingi kuliko ada ya semina.

Hoja itakayotolewa dhidi ya ulinganisho huu ni ya ukubwa wa soko, na ni hoja yenye nguvu. FINRA husimamia zaidi ya watu 600,000 waliosajiliwa, hivyo gharama ya kuandaa somo moja hugawanywa kwa wengi hadi ikawa dola chache kwa kila mtu, ilhali soko la Dar es Salaam lina madalali wa kuhesabika na somo lilelile likiandaliwa kwa ajili yao pekee litakuwa ghali. Hoja hiyo hueleza kwa nini ada ya nyumbani haiwezi kuwa dola 18. Haielezi kwa nini haina maelezo. Pia huashiria kwamba kuandaa masomo ya pamoja kwa masoko ya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali kungekuwa na maana zaidi kuliko kila mji kuandaa ya kwake, kwa sababu kanuni za kuzuia utakatishaji wa fedha au za kushughulikia mgongano wa maslahi hazibadiliki sana mtu anapovuka mpaka wa Namanga au Mutukula.

Kwa Mwafrika Mashariki aliyesajiliwa Marekani, sehemu ya utaratibu huu inayomgusa kwa karibu ni ile ya kuondoka. Zamani aliyeacha kazi na kukaa zaidi ya miaka miwili bila kusajiliwa upya alipoteza sifa yake, na ili airudie alilazimika kufanya tena mtihani wa Series 57, ambao haufanywi mpaka kuwe na kampuni inayomdhamini mtahiniwa. Tangu mwaka 2022 upo mpango wa kudumisha sifa, ambao kwa dola 100 kwa mwaka na masomo ya kila mwaka kwenye intaneti humwezesha mtu aliyekuwa amesajiliwa kwa angalau mwaka mmoja kuitunza sifa yake hadi miaka mitano tangu alipoondoka. Aliyerudi Tanga kumwuguza mzazi au Nakuru kujaribu biashara anaweza kuyafanya masomo hayo akiwa huko, mradi ayamalize kabla ya Desemba kwisha. Kwa kuwa hana tena kampuni ya kukatwa katika akaunti yake, ada hiyo huilipa mwenyewe, na ikiwa ataendelea hadi mwisho, miaka mitano itamgharimu dola 500, zaidi ya mara tano ya kile ambacho mwajiri wake angelipia kipengele cha udhibiti katika muda uleule.