Kabla ya Kuitaja Siku ya Mkutano

Obunga, mtaa wa Kisumu, wasomaji wetu wa pwani huenda wakaujua kwa kitoweo chake: mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa. Akina mama wa hapa huikaanga na kuiuza, na wana vyama vyao vya kuweka na kukopeshana.

Katika chama kimoja tunachokijua, Waislamu ni wachache, Wasabato hawapungui, na waliosalia husali Jumapili. Asiyehudhuria hutozwa faini, na mikopo hugawanywa mbele ya waliohudhuria. Basi mkutano ukiangukia Idd, mama aliyekwenda kuswali hulipa faini, tena hukosa mtaji wa kununulia samaki na mafuta.

Na Ramadhani je? Wanaume husahau kuitaja hii. Kisumu jua huchwa baina ya saa kumi na mbili unusu na saa moja. Mwenye kuitwa mkutanoni saa kumi na moja ameiacha futari mekoni.

Hata hivyo, tumewasikia Waislamu wenzetu wakiukataa mkutano wa Ijumaa adhuhuri, kisha papo hapo wakapendekeza Jumamosi asubuhi, kana kwamba Msabato hana ibada! Sabato yake huanza Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba shule ziwape nafasi wanafunzi Wasabato katika muda huo. Kifungu cha 32 cha Katiba, tunachokishika sisi tunapodai haki ya kuabudu, kinamlinda yeye pia. Na wapokezi wa sira, akiwemo Ibn Is-haq, wameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wakristo wa Najran waswali kwa namna yao ndani ya msikiti wake Madina. Sisi twaombwa Jumamosi tu.

Akina mama wale sasa hukutana Jumanne alasiri. Lililobaki ni mwandamo, kwani mwaka wetu ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, na kalenda ya mwaka jana haimsaidii katibu. Kwa hiyo hutuuliza tangu Shaabani. Huacha siku mbili wazi katika daftari lake, na Jumanne ikiangukia mojawapo, mkutano husogezwa na faini haiandikwi.