Meli iliyozamishwa ikaja kutuchukua

Mwezi uliopita nilipata kibali cha siku nne, nikaenda Gikundamvura, huko Rusizi, kule ambako wengi wetu bado tunakuita Cyangugu. Nilikwenda kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko. Nawaandikia niliyoyaona, na jambo moja lililonirudia nikiwa kule.

Gikundamvura ni milima, juu ya bonde la Bugarama. Anayejua Kinyarwanda atasikia ndani ya jina lile habari ya kupenda mvua, na kweli ilitunyeshea siku mbili mfululizo. Ukishuka bondeni joto linakupokea, mpunga kila upande. Upande wa machweo unapita mto Ruzizi, na ng'ambo yake ni kwetu, Kongo. Ile milima ya ng'ambo niliitazama asubuhi na jioni. Dada aliniambia, "Utazoea." Yeye mwenyewe hajazoea, nilimwona anavyotazama.

Jioni ya pili tumekaa barazani, mvua inapiga bati, mtoto wa dada akaniletea simu yake. "Mama mdogo, hebu tazama watu hawa. Wanalipa pesa nyingi kwenda kuangalia vita chini ya maji!"

Nikatazama. Ni kisiwani Chuuk, katika bahari ya Pasifiki. Tarehe 17 na 18 Februari 1944 ndege za Marekani zilishambulia meli za Wajapani zilizotia nanga pale, makumi ya meli zikazama. Leo watu wanavaa miwani ya majini na mitungi ya hewa mgongoni, wanashuka kuzitazama. Ndani ya meli moja, Fujikawa Maru, bado kuna ndege za kivita. Matumbawe yameota juu ya chuma, na samaki wanapita madirishani kama watoto wanaocheza kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Kijana akanieleza mambo ya kuzamia kama fundi. Kila ukishuka mita 10, maji yanazidi kukukandamiza. Na kupanda lazima iwe polepole, kwa sababu ukipanda haraka, hewa iliyoingia katika damu inatoka mapovu mwilini, inaweza kukulemaza au kukuua. Nikasema moyoni, kumbe hata kutoka vitani ni hivyo hivyo. Mtu akitaka utoke haraka, anakuumiza.

Akaniuliza, "Mama mdogo, wewe ungeshuka?"

Nikamjibu, "Mimi nilishapanda." Akacheka, akadhani nimechanganyikiwa. Basi ikabidi nimsimulie, na nyinyi nawasimulia.

Mto ule unaopita pale chini unatoka ziwa Kivu, unakwenda kumwagika ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Vita Kuu ya Kwanza ilifika huko kote. Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi. Aprili 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongomani, lilivuka Ruzizi likaingia Cyangugu. Na kwenye ziwa Tanganyika wazungu walipigana kwa meli. Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa treni, tena zikavutwa na mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Katanga. Siku iliyofuata Krismasi ya 1915 waliiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Hiyo imebaki huko chini.

Lakini Wajerumani walikuwa na meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, halafu kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya. Julai 1916, walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Sasa sikilizeni vizuri. Mafundi hawakuivunja. Walizipaka mashine grisi nzito, kisha wakaizamisha taratibu. Walitumaini kwamba siku moja itainuliwa.

Wao hawakurudi kuichukua. Waingereza waliiinua Machi 1924, karibu miaka minane baadaye, wakakuta mashine zinafaa. Mwaka 1927 ilianza tena safari, ikiitwa Liemba, jina la zamani la lile ziwa.

Hiyo ndiyo meli niliyopanda, jamani. Mwaka 1996 vita vilipofika Uvira tulivuka ziwa, tukawa wakimbizi Kigoma. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mbili. Mwaka 1997 HCR iliikodi Liemba, ikarudisha kwa zamu watu zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Nakumbuka harufu ya mafuta, watoto wakitapika, mama mmoja akiimba usiku kucha. Fundi mzee wa melini ndiye aliyempa baba habari ya ile grisi. Baba alinyamaza muda mrefu, halafu akagonga debe la unga tulilokuwa nalo. Chini ya unga, ndani ya nailoni tatu, alikuwa ameficha diploma yake ya ualimu na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Akasema, "Na hii ndiyo grisi yangu."

Tulipofika nyumba haikuwa na paa. Milango ilikuwa imeshachukuliwa. Lakini karatasi zilikuwa kavu, na baba akapokelewa kufundisha tena. Mwaka 1998 vita vikarudi. Baba hakuishi mpaka kuona tunavuka tena, safari hii kuja Rwanda. Debe lilikuja nasi.

Na Liemba haikumaliza kazi. Mei 2015 Warundi kwa maelfu walikwama ufukweni Kagunga, kipindupindu kikiwaua, na ni ile ile iliyowachukua kama 600 kila safari kuwapeleka Kigoma. Iliundwa na watawala, ikatiwa mzinga wa vita, ikazamishwa, halafu ikabeba wakimbizi wa vita vya watu wengine. Kwa hiyo watu wa Chuuk wanashuka kutazama meli zao, lakini ya kwetu ilipanda juu kuja kututafuta.

Kijana alinyamaza. Kisha akasema polepole kwamba cheti chake cha shule alikiacha kwa rafiki, sijui mwaka gani, kwa sababu aliona hakina faida tena. Sikumgombeza. Asubuhi, mvua ilipokatika, nilimwona anashuka njia ya Bugarama kukifuata. Nilipoondoka alikuwa bado hajarudi. Nangoja habari.

Basi wasomaji, mwezi huu tuulizane nyumbani: nini tumekipaka grisi? Karatasi za watoto ziko wapi? Kazi ya mikono uliyoijua kule, unamfundisha nani? Lugha ya bibi, nani anaisikia? Na kama wewe pia ulipanda Liemba, 1997 au 2015, tuandikie. Watoto wasidhani habari hizi ni za kisiwa cha mbali tu.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.