Usifute daftari ambalo karani bado anaandikia

Leo tuongee mambo ya seva kidogo, msikimbie.

Diski ya seva ikijaa, wa kwanza kulaumiwa ni logi, yale mafaili ambayo databesi inaandika kila kinachotokea. Wengi wanafuta palepale, seva inaendelea na kazi. Sasa kwenye Linux, ukifuta faili ambalo programu imelifungua, jina ndilo linaondoka. Databesi inaendelea kuandika kimyakimya, nafasi hairudi, na wewe huoni tena kilichoandikwa.

Nafuu tuige msafara. Kwihara, hapo jirani na Tabora mjini, Machi 14, 1872 Livingstone aliagana na Stanley aliyekuwa anarudi pwani. Mzee alimkabidhi shajara yake ikiwa imefungwa kwa lakiri, naye akabaki anaandika kwenye daftari lingine. Agosti 25 akaondoka, akafa Mei 1, 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo. Akina Chuma na Susi wakabeba mwili na karatasi zilizobaki, wakapitia Tabora hadi Bagamoyo, Februari 1874. Ina maana hata huo mzigo wa mwisho ungepotea njiani, shajara ya mwanzo ilishafika salama zamani.

Kwa MySQL ni hivyohivyo. Logi ya makosa ibadilishe jina, halafu toa amri FLUSH LOGS: databesi inafunga la zamani na kufungua jipya. La zamani linakili kwenye mashine nyingine, hakikisha linasomeka, ndipo ufute.

Ila jamani, si kila kinachoitwa logi ni cha kufuta! PostgreSQL ilikuwa na folda inaitwa pg_xlog, ina kumbukumbu za mabadiliko ambazo databesi inazitegemea kuamka umeme ukikatika. Watu waliona neno logi wakafuta, databesi zikaharibika. Toleo la 10, mwaka 2017, likaibadilisha jina kuwa pg_wal. Hiyo usiiguse kwa mkono kabisa.

Sisi walimu watarajiwa ndio tutakaokabidhiwa kompyuta zenye matokeo ya watoto wa watu. Mtoto akija kuuliza alama yake ilibadilishwa lini, jibu litatoka kwenye hizo kumbukumbu. Tukizifuta tutamwambia nini?