Kiatu au Taya

Baba alikuwa agronomu, na kazi yake aliifanya juu ya Yamaha AG 100: pikipiki ya mashambani yenye kibebeo mbele na nyuma, na mnyororo uliofunikwa usiingie matope. Alipofariki, nikairithi. Mwaka jana, wakati wa likizo kubwa, nilikuwa nateremka nayo mlima wa Ngomo kuelekea Kamanyola, mdogo wangu wa kike akiwa nyuma. Kwenye kona moja nikakamata breki ya mbele. Mkono wa breki ukafika hadi kwenye usukani, na pikipiki ikaendelea. Nikaielekeza upande wa mlima, mbali na bonde, tukaanguka. Mdogo wangu alichubuka goti na kiwiko. Mama alisema maneno machache: iuzwe au itengenezwe, lakini binti yake hapandi tena.

Niliporudi Bukavu niliipeleka gereji. Nilitaka breki ya diski, kama za wamotari wa mjini. Fundi, mzee mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, alikataa.

— Kijana wangu, diski inataka mahali pa kufungwa, na miguu hii ya mbele haina. Nibadilishe miguu, nibadilishe gurudumu, niondoe na kibebeo. Itabaki pikipiki ya nani?

Kisha akaniuliza baba alikuwa akisimama mara ngapi Ngomo. Nikamwambia mara mbili au tatu. Sisi watoto tulidhani anatuonyesha uwanda wa Ruzizi. Mzee akacheka.

— Alikuwa anapoza breki.

Akanieleza. Injini ya mipigo miwili haizuii sana pikipiki kwenye mteremko hata ukiachia mafuta, kwa hiyo mzigo wote unaangukia breki. Ngoma ya breki ikipata moto hupanuka na kuviacha viatu vilivyomo ndani, na tabaka la kusugua nalo hupoteza mshiko.

Wakati huo nilikuwa nakusanya msamiati wa gereji kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Kile kipande kilichopinda ndani ya ngoma, Waingereza hukiita kiatu, Wafaransa hukiita taya. Mzee alitumia majina yote mawili, nami nikaandika daftarini: visawe. Nilipomsomea, akatikisa kichwa, akanivuta karibu na gurudumu.

— Viko viwili. Hiki, gurudumu likizunguka linakivuta, kinazidi kuuma: ni taya. Kile, gurudumu linakisukuma kirudi, kinakanyaga tu: ni kiatu.

Nikafuta neno visawe. Kila lugha ilikuwa imeona upande mmoja wa breki, na mtu mwenye mikono michafu alikuwa ameyapa majina yote mawili kazi.

Tabaka la zamani lilikuwa linang'aa kama kioo na kugusa ngoma katikati tu. Alikereza ngoma kwanza, maana haikuwa duara tena. Akagandisha tabaka jipya, nene zaidi, akalikereza nalo hadi uso wake wote ukalingana na ngoma. Ncha ya taya akaipiga msasa ili isiume kwa ghafla. Akaweka waya mpya, akasogeza mkono mdogo wa kwenye ngoma jino moja, ili breki inapoanza kushika, mkono huo na waya vifanye pembe mraba. Hapo, alisema, ndipo nguvu ya vidole haipotei.

Nilijaribu wiki nzima kwenye miteremko ya Bukavu, peke yangu. Vidole viwili vilitosha. Ndipo nikamwomba mama. Alinyamaza siku mbili, kisha akamwambia mdogo wangu avae suruali nene.

Tuliteremka Ngomo asubuhi. Breki ilishika kila kona. Hata hivyo ngoma ni ngoma, na moto haujui kama tabaka ni jipya. Palipoonekana uwanda, nikasimama. Mdogo wangu akauliza kama kuna kitu kimeharibika.

— Hapana, nikamjibu. Tazama Ruzizi kidogo.