Siku Tulipofungua Injini

Tulikuwa watatu, vyeti vya sekondari mkononi, tulipokabidhiwa injini ya Land Rover ya silinda nne chini ya mwembe ili tuifungue. Ya vitabuni tuliyajua: hewa na petroli huvutwa, hukandamizwa, huwashwa, kisha moshi hutolewa; na krenki huzunguka mara mbili ili kazi hiyo itimie katika silinda moja. Tukalegeza nati za hedi kwa pupa, tukabandua gasketi, tukatoa valvu zote nane na kuzitumbukiza katika karai moja la mafuta ya taa. Ziling'aa. Nasi tukajiona mafundi.

Mzee mwenye gereji alipolitazama karai lile hakufoka. Aliuliza tu, "Wanangu, ipi ilikaa wapi?"

Kila valvu, alitueleza, huwa imekwisha kuzoeana na kiti chake. Ukiihamisha, mgandamizo huvuja. Yeye alizipanga zake katika ubao wenye matundu manane, kwa mfuatano wa injini. Hakupata kwenda shule (tulikuwa tumemdharau kwa hilo, na tukiri), lakini kila alichokigusa alikitaja kwa Kiswahili: ringi, beringi, pistoni. Wakusanyao istilahi wangefaa kuanzia pale. Sisi majina hayo tuliyajua kwa Kiingereza cha mtihani, hata kumwomba spana tulibabaika.

Siku tatu tulisaga valvu kwa mkono, moja moja, kila moja katika kiti ilichopewa upya. Siku ya nne injini ikawaka. Silinda ya tatu ilikohoa. Mzee akaizima injini, akatuamuru tufungue tena.