Wosia kwa Mjukuu Wangu Mchoraji

Mchikichini, Dar es Salaam

Mjukuu wangu mpenzi,

Nakuandikia ningali na nguvu ya kushika kalamu. Brashi, makopo ya rangi ya mafuta na ngazi niliyopandia kuandika mabango ya maduka ya Kariakoo ni vyako. Kaka zako wameridhia. Hilo limekwisha. Linaloninyima usingizi ni picha zako.

Mkono unao. Lakini twiga unaowachora ni wale wale wa kila kibanda, na twiga mwenyewe hujapata kumwona.

Nataka umjue George Lilanga, Mmakonde mwenzetu, aliyezaliwa kusini mwaka 1934. Alijifunza kuchonga huko huko kwao. Alipokuja Dar es Salaam miaka ya sabini alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo alichokianzisha Sista Jean Pruitt. Baadaye akaingia kwenye uchoraji, na alichokichora hakukitoa mbali: ni mashetani ya Kimakonde. Mchongaji Samaki Likankoa alikuwa ameshayafungulia njia kwenye mpingo miaka ya hamsini. Lilanga akayavika rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington.

Itazame picha yake moja bila haraka. Masikio mapana, midomo inaning'inia, matumbo yametangulia, mguu una vidole viwili au vitatu. Na mashetani hayo yanafanya nini? Yanacheza ngoma, yanateta, yanakunywa pombe, yanauguzana. Ni sisi wenyewe wa Mchikichini siku ya soko! Kwa wazee wetu viumbe hao huishi jirani na watu, wapo wa kusaidia na wapo wasumbufu. Aliyelelewa na masimulizi hayo haoni ajabu kuwachora wakiishi maisha yetu. Anayeiga masikio tu anapata masikio tu.

Utaambiwa huo ni ushirikina. Mimi naswali swala tano na sijapata kuyatolea mashetani sadaka. Lakini jandoni Newala nilifundishwa kuangalia. Lipiko, yule mcheza ngoma aliyevaa kinyago, lilipotoka uwanjani, watoto walikimbia. Mimi nilitazama miguu, nikamtambua mwenyewe kwa unyayo uliopasuka kisigino, nikanyamaza. Sijamtaja mpaka leo. Mchoraji anahitaji macho ya namna ile, na ulimi wa namna ile pia, kwa sababu kuna mambo ya jando ambayo hayapandi ubaoni hata mnunuzi akitoa dola.

Kwa hiyo baada ya mavuno nenda Newala. Fikia kwa bibi yako mdogo, akusimulie usiku, usimkatishe. Mapiko yakitoka, simu iwe mfukoni, na uliza wapi wewe unaruhusiwa kukaa kabla hujakaa. Usichore chochote mwezi mzima. Nauli nimemwachia mama yako, pamoja na doti ya kanga ya kumpelekea bibi.

Babu yako